Matanga ya Jemadari Radi

Katika nchi nzima hapakuwa na Mtambaji mwaminifu kama Bi. Siwatu Mbaraka. Kwa miaka hamsini na moja watu walitupa dadu mbele yake, na hata siku moja hakuisoma kwa uongo. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamwuliza, naye angeapa kabla hajafumbua macho. Isipokuwa ile mara moja. Na ile mara moja yenyewe haihesabiki, kwa sababu dadu ilikuwa imeviringika chini ya benchi, na chini ya benchi kulikuwa na kiza, na yule kijana alikuwa amekula sambusa sita za wenzake.

Nchi yenyewe ilikuwa na jina, tena jina zuri, ila siku hizo jina hilo lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho, na kamati ilikuwa bado inatafuta kiti cha mwenyekiti. Kwa hiyo wananchi walisema tu "hapa kwetu," na walielewana.

Hapa kwetu watu walicheza Falme. Wengine duniani wana mpira, wengine wana bao, wao walikuwa na Falme. Mchezo wenyewe ni rahisi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni Mtambaji, ndiye anayesimulia: mmefika mtoni, mto una mamba, mamba ana njaa, mnafanyaje? Wengine kila mmoja ana mhusika wake, kamwandika kwenye kadi: huyu jemadari, huyu mwizi, huyu mganga. Mtu anasema mhusika wake anafanya nini, anatupa dadu, na dadu inaamua. Ukipata sita, mamba anakuomba radhi. Ukipata moja, mhusika wako amekufa, na hakuna mahakama ya kukata rufaa.

Dadu ya Bi. Siwatu ilikuwa ya mfupa. Aliirithi kwa mama yake, pamoja na meza na kitabu cha kanuni chenye jalada jekundu. Ilikuwa imetupwa sana hata nukta ya upande wa moja ikafutika yote, na ilifutika kabla Bi. Siwatu hajaolewa. Upande ule ulibaki mweupe, laini, hauna alama yoyote, na wachezaji wake waliuita kipara. Mtu akisema "Kipara!" basi ujue pana msiba.

Na msiba wa Falme ulikuwa na utaratibu wake, ambao kila bibi hapa kwetu alimfundisha mjukuu wake kabla ya kumfundisha kufunga viatu. Aliyefiwa na mhusika anakaa matanga. Akiwa matangani hatupi dadu kwa mkono wa kulia, anaitupa kwa wa kushoto, mpaka Mtambaji aliyeshuhudia kifo ampe bakuli la uji wa pilipili manga na kumwambia, "Matanga yamevunjwa, mkono wako umerudi." Atakayetumia mkono wa kulia kabla ya uji, meno yote yatamdondokea mezani. Hakuna aliyewahi kuyaona meno hayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu.

Wafu wote wa meza yake Bi. Siwatu aliwaandika kwenye Daftari la Marehemu, kila mmoja na ukurasa wake. Alikuwemo Malkia Zumaridi wa Mzee Tindwa fundi cherehani, aliyekufa kwa kucheka. Alikuwemo Mwizi Nyoya wa Bi. Nyamvula, aliyekufa mara tatu kwa sababu Bi. Nyamvula alikuwa mbishi. Na ukurasa wa arobaini alikuwemo Mganga Pole, mhusika wa marehemu mume wake, Bwana Shomari. Ukurasa ule aliuandika Bwana Shomari mwenyewe, kwa mwandiko wake ulioinamia upande: *Amekufa leo, amempa mgonjwa dawa yake mwenyewe. Msilie sana, uji uwe mzito.* Mwaka uliofuata Bwana Shomari alikufa kweli, na mwandiko wake mwingine haukubaki popote, maana alikuwa mtu wa kusema, si wa kuandika.

Kwa hiyo usimwambie Bi. Siwatu kwamba lile ni daftari tu.

*

Basi siku moja, saa nne ya asubuhi, redio ilikatiza tangazo la sabuni ili Waziri wa Michezo ya Mezani na Maadili ya Kukaa alihutubie taifa.

Hapa kwetu vyeo havikutolewa ovyo ovyo. Kila mkubwa alipata cheo kwa sifa za mhusika wake wa Falme. Waziri wa Maji, mhusika wake alikuwa amevuka bahari saba. Maji ya bombani hayo ni mambo mengine. Jaji Mkuu, mhusika wake alikuwa mzimu unaopita kwenye kuta. Na Waziri wa Michezo ya Mezani, Mheshimiwa Feruzi Ngwali, alikuwa na mhusika mkubwa kuliko wote: Jemadari Radi bin Radi, ambaye kwa mujibu wa kitabu cha darasa la nne hajashindwa wala hajafa hata mara moja kwa miaka arobaini.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, na sauti yake ilikuwa kama imepakwa mafuta ya nazi, "Toleo la Kale la kanuni za Falme ni la kale. Hilo peke yake lingetosha, lakini serikali yenu haitosheki. Nimefanya utafiti wa kina, nikiwa nimekaa. Nimegundua kwamba asilimia mia moja ya wahusika waliokufa, walikufa chini ya Toleo la Kale! Je, tuendelee kuvumilia?"

Watu walioletwa studio kwa basi walijibu kwamba tusiendelee.

Ndipo likatangazwa Toleo Jipya, lenye kurasa mia sita na picha ya Waziri kila baada ya kurasa kumi, ili msomaji apumzike. Kanuni ya Kwanza: kufa kumefutwa, mhusika ataahirishwa. Kanuni ya Pili: wale wote waliokufa zamani wanahesabiwa hai, na meza zao ziwajazie fomu. Kanuni ya Tatu: dadu itaanzia nne na kuishia tisa, kwa kuwa moja, mbili na tatu zilikuwa zinawakatisha vijana tamaa, na sasa zimestaafishwa kwa heshima. Kanuni ya Nne: mamba ameondolewa mtoni, na badala yake patakuwa na mdau wa mto.

Bi. Siwatu alizima redio hapo kwenye mamba. Hakusikia zilizobaki, na kwa miaka miwili hakutaka kuzisikia.

Wengine walizisikia, na nchi ikapasuka katikati kama tikiti. Huku Wakale, kule Wapya. Maduka ya mikate yalitengana, maana Mkale hakutaka mkate uliokandwa na mtu asiyejua moja. Kijana Mpya alimposa binti wa Kikale. Mahari yalikubaliwa, ukumbi ulipambwa, na ndoa ikavunjika mlangoni kwa swali la kama mganga anaweza kubeba upanga. Bungeni wabunge wawili walipigana na kuumizana, kisha wakabishana hospitali kama wameumia au wameahirishwa.

Wakale wenyewe walikuwa na umoja wa chuma kwa siku nne. Siku ya tano walitengana, wenye kitabu cha jalada jekundu na wenye cha jalada la kahawia. Wekundu walisema Wakahawia ni wasaliti. Wakahawia walisema Wekundu ni wageni. Ilichukua mwaka mzima kugundua kwamba jalada la kahawia ni lile lile jekundu lililokaa sana dirishani, na baada ya kugundua, uadui ulizidi.

Kwa Bi. Siwatu mambo yalibaki kama yalivyokuwa. Kila Jumatano alasiri Bi. Nyamvula alikuja na kikapu chake, Mzee Tindwa alikuja na tepu yake shingoni, na mamba alikuwemo mtoni kama kawaida, tena mkubwa.

*

Afisa Mkaguzi wa Meza alikuja Jumatano moja, mwaka wa pili, mamba akiwa amemshika Mwizi Nyoya mguu.

"Hodi! Shikamooni wazee."

"Marahaba," alijibu Bi. Siwatu. "Ngoja hapo hapo mwanangu, kuna mtu analiwa."

Aliitwa Bwana Lukindo. Alikuwa mwembamba, suti imemzidi, na alibeba begi lenye muhuri, wino, na muhuri mwingine wa kuthibitisha ule wa kwanza. Alisubiri kwa adabu mpaka Bi. Nyamvula alipotupa dadu na kupata tano, Mwizi Nyoya akaponyoka na mguu wake. Kisha alifungua begi.

"Bibi, meza hii haijasajiliwa."

"Meza hii ni kubwa kuliko wewe kwa miaka sitini. Nani amsajili mwenzake?"

"Bibi, mimi natekeleza tu. Kuna Fomu ya Kufufua, nakala tatu. Kila marehemu wa meza hii ajaziwe ya kwake. Hapa jina, hapa sababu ya zamani ya kufa, hapa sababu mpya ya kutokufa."

Mzee Tindwa aliichukua fomu akaipima kwa tepu. "Urefu wake haukosi," alisema. "Ila kiunoni imebana."

"Na huyu naye tumfufue?" Bi. Siwatu alimfungulia Bwana Lukindo ukurasa wa arobaini. Mkaguzi alisoma maneno ya Bwana Shomari. Akayasoma tena. Akatoa kitambaa akajifanya anafuta muhuri.

"Sababu mpya ya kutokufa tuandikeje?" Bi. Siwatu alimwuliza, safari hii bila mzaha. "Kwamba hakumpa mgonjwa dawa? Kwamba aliinywa mwenyewe?"

"Bibi, ungeandika tu 'marekebisho ya kiutawala.' Watu wengi wanaandika hivyo."

Ili kuyaficha macho yake Bwana Lukindo aligeuza kurasa nyingine, nyuma, nyuma, mpaka akafika ukurasa wa kumi na moja. Hapo alisimama kama mtu aliyekanyaga msumari. Midomo yake ilisoma bila sauti. Ukurasa ulisema: *Jemadari Radi bin Radi. Mhusika wa Feruzi Ngwali, miaka ishirini. Aliua joka la vichwa saba. Akafika geti la ikulu, akampiga teke bata bukini. Moja. Bukini alimuua.*

"Huyu Feruzi," alisema Mkaguzi, "ni Feruzi yupi?"

"Yule mwenye picha kila baada ya kurasa kumi," alisema Bi. Nyamvula.

"Hapana, hapana, hapana." Bwana Lukindo alikaa bila kukaribishwa. "Jemadari Radi hajafa. Mwanangu alifanya mtihani wa hilo! Aliandika hajafa, akapata alama!"

"Alizikwa hapo nje," alisema Mzee Tindwa. "Kadi yake tuliifukia ndani ya kopo la maziwa. Tulilia sana. Bukini mwenyewe hatukuwa tumemtarajia."

Bwana Lukindo alipata nguvu za kusimama, akasema maneno ambayo ni wazi hakuyatunga yeye, maana aliyasoma kwenye kadi. Daftari la Marehemu linashikiliwa na serikali kuanzia sasa. Jumamosi litachomwa hadharani kwenye uwanja mkuu, mbele ya Mheshimiwa. Bi. Siwatu atasaini, mbele ya watu, kwamba Jemadari yu hai na amekuwa hai muda wote. Asiposaini, meza itapigwa lakiri, dadu itachukuliwa, naye hatatamba tena Falme mpaka mwisho wa maisha yake, "wala baada ya hapo."

Bi. Siwatu aliutazama ukurasa wa arobaini ukifungwa na kuingizwa kwenye begi, kati ya muhuri na muhuri.

"Kabla sijaondoka," alisema Bwana Lukindo kwa huruma, "ni lazima nifungue Toleo Jipya kwenye meza hii. Ni kutupa mara moja tu." Akatoa dadu ya plastiki, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaitupa. Tisa.

Bi. Siwatu aliinua kichwa. "Pole mwanangu. Umefiwa?"

"Sijafiwa, bibi."

"Mbona mkono wa matanga?"

"Ni Kanuni ya Saba. Dadu hutupwa kwa mkono wa kushoto. Wazee walinung'unika mwanzoni, lakini mtaalamu akaeleza redioni: mkono wa kushoto uko karibu na moyo, na moyo uko karibu na serikali."

"Na kanuni hiyo kaitunga nani?"

"Mheshimiwa mwenyewe. Yeye kazaliwa hivyo, mtu wa kushoto."

"Anakula kwa mkono gani?"

"Kulia."

"Anasaini?"

"Kulia."

"Akimpungia mkono mtu?"

"Kulia, bibi. Kushoto ni kwa dadu tu. Ni kipaji."

Bi. Siwatu alikumbuka. Feruzi wa miaka ishirini, amesimama pale pale mlangoni, machozi na makombo ya sambusa kidevuni. "Sirudi tena kwenye meza hii! Nitakuwa mtu mkubwa, mtaona!" Na akaenda. Uji ulipoa jikoni, Bwana Shomari akaunywa ili usiharibike. Miaka arobaini, na hajarudi kuunywa wa kwake.

Bi. Siwatu alianza kucheka. Alicheka mpaka paka akatoka nje. Alicheka mpaka Mzee Tindwa akamwekea mkono mgongoni, kwa kukumbuka Malkia Zumaridi alivyokufa.

"Nitasaini," alimwambia Mkaguzi akijifuta macho. "Kwa sharti moja. Jumamosi niruhusiwe kupika uji."

Bwana Lukindo alifungua kitabu cha kurasa mia sita, akatafuta uji kwenye faharasa. Hakuuona. "Haukukatazwa," alisema mwishowe, na akaupiga muhuri.

*

Jumamosi saa tatu uwanja ulijaa. Wapya walikaa kulia kwenye viti, Wakale walisimama kushoto kwenye jua, na Wakahawia walisimama mbali kidogo na Wekundu ili wasije wakadhaniwa ni wamoja. Katikati palikuwa na pipa la moto. Juu ya jukwaa palikuwa na meza ya Bi. Siwatu, iliyobebwa na askari wanane ingawa Bi. Nyamvula huisogeza peke yake akifagia.

Mheshimiwa Feruzi Ngwali alishuka kwenye gari akipunga mkono wa kulia. Alikuwa amenenepa vizuri. Medali za Jemadari Radi zilimjaa kifuani, na moja ilibidi aivae mgongoni.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Leo tunachoma kifo. Wapo waliosema haiwezekani. Wako wapi? Wamealikwa, lakini hawana viti. Leo tunalichoma daftari la uzushi, linalodai kwamba mashujaa wetu walikufa, tena vifo vya ajabu ajabu, mara wameuawa na sijui mnyama gani..."

"Bata!" alipaza sauti mtu upande wa Wakale, na sauti ilifanana sana na ya Bi. Nyamvula.

Waziri alikunywa maji. "Mnyama yeyote yule. Jemadari Radi bin Radi yu hai! Hajafa! Hajawahi hata kupata mafua! Na mwenye daftari, bibi yetu huyu, atathibitisha kwa saini yake."

Bi. Siwatu alipanda ngazi taratibu, sufuria mkononi, kanga mpya kichwani. Hakuwa ameonana na Feruzi uso kwa uso kwa miaka arobaini. Yeye alimtazama sawasawa. Waziri alitazama medali zake.

"Shikamoo Bi. Siwatu," alisema kwa sauti ndogo, bila kipaza sauti.

"Marahaba, Feruzi. Umekua."

"Saini hapo, bibi. Tafadhali. Watu wanangoja."

"Nitasaini. Lakini kitabu chako, Kanuni ya mia moja na kumi na mbili, kinasema shujaa akithibitishwa hutupa dadu ya heshima kwenye meza yake ya asili. Sikusoma mimi, kanisomea Bwana Lukindo. Kwa hiyo tupa. Ila hujala asubuhi hii, nakuona midomo inavyokauka. Kwanza uji."

Akafunua sufuria. Mvuke ulipanda, na harufu ya pilipili manga ikamwingia Mheshimiwa puani, ikashuka mpaka mahali ambapo alikuwa na miaka ishirini. Bi. Siwatu alijaza bakuli, akalishika kwa mikono miwili, akamsogelea. Alisema polepole, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati:

"Matanga yamevunjwa, mwanangu. Mkono wako umerudi."

Walioketi mbele walisema baadaye kwamba Waziri alitetemeka. Wengine walisema ni medali tu. Lakini wote waliona kwamba hakukataa. Alilishika bakuli na kunywa bila kupumua, mpaka kidevu chake kikaangalia mbinguni, na aliposhusha bakuli macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mzito," alisema.

"Ndivyo unavyotakiwa. Sasa tupa."

Bi. Siwatu aliweka dadu ya mfupa mezani. Na Mheshimiwa Feruzi Ngwali, mtunzi wa Kanuni ya Saba, mzaliwa wa mkono wa kushoto, mtu aliyepigwa picha elfu moja na mia mbili akitupa dadu kwa kushoto, aliichukua kwa mkono wa kulia. Akaitikisa sikioni kama kijana. Akaitupa.

Iliviringika na kusimama kwenye mbili, namba iliyokwisha kustaafu.

Hakuna aliyetazama namba. Uwanja mzima ulikuwa unatazama mkono.

"Mheshimiwa," Bwana Lukindo alinong'ona, na muhuri ukamdondoka. "Mkono."

"Kala uji, mkono umerudi!" Bi. Nyamvula alipasua uwanja. "Jamani, huyu alikuwa matangani! Mheshimiwa, nani kakufia?"

Bibi wa Kikale aliuliza. Bibi wa Kipya, kwenye kiti cha mbele, akauliza vile vile: "Ndiyo, baba, nani kakufia?" Na hapo Wapya na Wakale wakajikuta wanauliza pamoja, jambo lisilotokea kwa miaka miwili.

Waziri alitazama kulia, alitazama kushoto, akatazama mkono wake kana kwamba ndio uliomsaliti. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Jemadari," alisema. "Kafa. Miaka arobaini. Ni bata bukini."

Mzee mmoja nyuma kabisa aliuliza kwa unyonge: "Kwa hiyo nchi nzima, miaka miwili, tumekaa matanga ya mtu aliyeuawa na bata?"

Bwana Lukindo alipekua kitabu cha kurasa mia sita, akatafuta, akakiri kwa sauti ya huzuni kwamba ndivyo.

Kicheko kilianzia kwa wauza maji, kikapanda kwenye viti vya Wapya, kikawafikia askari wanane, na meza ikatikisika. Mkale alimwegemea Mpya. Mwekundu na Mkahawia waliangukiana, wakaachana haraka walipojitambua. Waziri naye, baada ya muda, alijikuta anacheka, maana hakuwa amecheka tangu siku ile ya bukini, na uji ulikuwa wa moto tumboni. Alilichukua Daftari la Marehemu kutoka kando ya pipa, akalifungua ukurasa wa kumi na moja, akausoma, akatikisa kichwa.

"Joka la vichwa saba umeliandika," alisema. "Ahsante." Akamrudishia Bi. Siwatu. "Nenda nalo, bibi. Na meza yako. Bwana Lukindo, zima pipa."

Bi. Siwatu aliliweka daftari kwapani, ukurasa wa arobaini upande wa mbavu zake, na angeweza kushuka ngazi wakati ule ule, kwenda nyumbani akiwa mshindi. Lakini umati ulikuwa unaita jina lake, na kipaza sauti kilikuwa karibu, na yeye hakuwahi kukishika.

"Mnasikia?" alisema, na alishtuka kwa ukubwa wa sauti yake. "Miaka hamsini na moja! Mheshimiwa ametunga, kitabu cha darasa la nne kimetunga, redio imetunga. Mimi sikutunga! Dadu ikisema sita, nasema sita. Dadu ikisema moja, nasema moja, hata kwa mtoto wa watu!"

Umati ulipiga makofi. Feruzi, ambaye sasa hakuwa na la kupoteza, alikuwa ameiokota dadu na kuichezea vidoleni, kwa mkono wa kulia, kwa raha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Bi. Siwatu," alisema, "nimejiuliza miaka yote. Siku ile dadu iliingia chini ya benchi. Uliyeinama ni wewe peke yako. Uliiona kweli?"

"Niliiona kweli?" Bi. Siwatu aliugeukia umati, mkono kiunoni. "Niliiona kama ninavyowaona nyinyi! Kwa macho yangu haya mawili. Nukta moja, nyeusi ti, katikati kabisa, kubwa kama punje ya pilipili manga!"

Makofi yalikuwa makubwa. Mzee Tindwa, chini ya jukwaa, hakupiga. Alikuwa amefumba macho. Bi. Nyamvula alijifunika uso kwa kikapu.

Feruzi aliigeuza dadu. Sita. Akaigeuza. Tano. Nne. Tatu. Mbili. Akaigeuza mara ya mwisho, akapitisha kidole gumba juu ya upande mweupe, laini, usio na alama yoyote, akakumbuka jina lake, kipara. Akaunyanyua juani ili aone vizuri. Makofi yalipungua, yakaisha.

"Bi. Siwatu," alisema kwa upole sana, "nukta ipi?"

Bi. Siwatu alitazama ndani ya sufuria. Uji ulikuwa umekwisha.